Famasi yangu ina shoti ya tramadol, diazepam na sirapu ya kodeini tu, dawa nyingine zote hesabu inakaa. Nianzie wapi?

Mzigo_Mbagala

Wakuu habari za jioni, naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili jambo linaninyima usingizi na nyumbani siwezi kuliongea, mtaelewa kwa nini.

Nina famasi ya rejareja, siyo kubwa, ipo barabarani na inatembea vizuri tu. Mimi siyo mtu wa dawa, shughuli yangu hasa ni vifaa vya ujenzi, famasi tulifungua na mke wangu kama mradi wa familia. Kaunta kuna watu wawili wanapokezana shifti, mmoja ni dada mtu mzima, fundi dawa sanifu, niko naye tangu tunafungua na ndiye anayepiga simu kuagiza mzigo, mwingine ni kijana, mtoto wa dada yake mke wangu, naye amesomea dawa ngazi ya cheti. Mfamasia msimamizi tunaye, cheti chake kimetundikwa ukutani, ila tuseme ukweli anapita akipata nafasi.

Sasa juzi tumehesabu stoki. Panadol sawa, antibayotiki sawa, mseto wa malaria sawa, dawa za presha na sukari ambazo ndio za bei zote zipo. Nikafika rafu ya juu kabisa, boksi za tramadol, ile dawa kali ya maumivu, zimepangwa vizuri kama zilivyo siku zote, nikazishika nikaona nyepesi, kufungua mbili zina karatasi ya maelekezo tu ndani, kidonge hakuna hata kimoja. Diazepam, ile ya usingizi, nayo kwenye kompyuta inasoma ipo, rafuni imebaki nusu. Sirapu ya kikohozi ile yenye kodeini ndio usiseme. Kwa hela siyo pesa ya kunifilisi, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi, maana mwizi wa hela angebeba za presha, huyu anajua anachokitaka.

Kijana nikimgusa bila ushahidi nyumba inawaka moto, mama mkwe atakuwa wa kwanza kupiga simu. Dada naye simdhanii. Nimewaza niende polisi moja kwa moja, au niwakate wote wawili mshahara mpaka hela irudi, au niwafukuze nianze upya. Na nikienda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, si ndio nimejipeleka mwenyewe wanifungie? Wenye uzoefu naombeni njia. Nawasilisha.

kibatari

Funga kamera mkuu, mambo ya kuhesabu hesabu waachie walimu.

Mama Kaunta

Kamera afunge ila kamera haihesabu vidonge, itamuonyesha mtu anachukua boksi rafuni anampa mteja, basi, hiyo si ndio kazi yake.

Mtoa mada, mimi niko kaunta miaka mingi, siyo kwako, na nitasema ambacho maboss hampendi kusikia. Kabla hujasema wafanyakazi wangu wezi jiulize ni watu wangapi wanaingia nyuma ya hiyo kaunta. Mke wako anaingia? Wewe mwenyewe unaingia? Kuna boss nilifanya naye kazi, rafiki zake wa baa walikuwa wanakuja usiku, "boss kasema nipe vidonge vya usingizi atalipa kesho", unampa maana ukimnyima kesho unaulizwa kwa nini umemuaibisha mgeni wangu, cheti cha daktari hakuna, risiti hakuna, mwisho wa mwezi shoti ni ya nani? Ya dada wa kaunta. Nimekatwa mshahara kwa dawa ambazo nilishuhudia kwa macho yangu zikiondoka na mwenye duka.

Siku hizi nina daftari langu dogo, kila anayechukua bila cheti naandika jina na saa, awe boss awe nani. Waulize na wako, hasa huyo dada mtu mzima, utashangaa ana daftari.

Halafu kuna kitu wengi mnasahau. Kama huyo msimamizi wako hakai dukani, hao wawili wanafanya maamuzi ambayo siyo ya ngazi yao. Anakuja kijana na cheti kimekunjwa kunjwa, anasema amefanyiwa opareshini, nani anampigia daktari kuhakikisha? Hakuna. Anapewa tu.

Mzigo_Mbagala

Mama Kaunta asante, hilo la daftari nimelichukua. Mke wangu anaingia ndio, mimi mara chache.

Mfamasia Mkavu

Nitajibu kwa urefu kidogo, mvivu wa kusoma aruke.

Kwanza acha kutafuta mwizi. Ukianza na jina la mtu kichwani kila karatasi utakayoishika itakuonyesha huyo huyo. Tafuta dawa ilikopita, mtu atajitokeza mwenyewe. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne: ulichokuwa nacho mwanzo, ongeza kilichoingia, toa kilichouzwa kwa cheti, toa kilichoharibika au kurudishwa, kinachobaki ndio kinatakiwa kiwe rafuni. Ila fanya kwa kila dawa peke yake na kwa kila bachi namba, ile namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi, siyo kwa jumla. Na uifanye asubuhi kabla ya kufungua, bila kumtangazia mtu, wewe na mtu wa tatu asiyefanya kazi hapo, wote mnasaini. Na fungua kila boksi, umeshaona mwenyewe kwa nini nasema hivyo.

Sasa hapo kwenye "kilichoingia" ndipo watu wengi wanapigwa na hawajui. Wewe unaangalia invoisi zilizopo kwenye faili lako. Usiangalie hizo. Nenda kwa wauzaji wa jumla unaonunua kwao, waombe orodha ya manunuzi yote ya famasi yako kwa mwaka mzima, halafu ulinganishe na faili. Nimeona kesi ambapo famasi haikuibiwa hata kidonge rafuni, ila jina la famasi na leseni yake vilikuwa vinatumika kununulia, mzigo unalipiwa keshi, unapakiwa kwenye bodaboda na hata dukani haufiki. Mwenye duka anakuja kujua siku wakaguzi wanapomuuliza hizi boksi zote za tramadol umemuuzia nani.

Kuna na ule mchezo wa mfanyakazi kuleta mzigo wake. Ananunua mahali, anauchomeka kwenye rafu yako, anauza kaunta yako kwa mteja wako, hela mfukoni. Hapo stoki yako haipungui kabisa, ndio maana nasema bachi namba, ukikuta bachi ambayo haipo kwenye invoisi yako yoyote ujue kuna duka ndani ya duka.

Kwenye "kilichoharibika" nako pembua. Utaambiwa hizi zilipita muda tukazitupa. Hazitupwi hivyo. Dawa iliyoisha muda hasa hizi zinazodhibitiwa inatengwa, inaandikwa, unaomba TMDA, inateketezwa chini ya usimamizi na unapewa karatasi. Hakuna karatasi, basi haikuteketezwa.

Vyeti navyo. Mwaga vyote mezani, usisome dawa, angalia mwandiko. Ukikuta hospitali tofauti mwandiko mmoja, au cheti kimoja kimetolewa kopi kikatumika mara tano kwa tarehe tofauti, au daktari wa mkoa mwingine anawaandikia wagonjwa wa Mbagala kila Ijumaa, umepata pa kuanzia. Angalia na risiti zilizofutwa kwenye mfumo, saa ngapi zimefutwa na nani alikuwa zamu. Linganisha na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi.

Kuhusu TMDA, naelewa hofu yako ila umeigeuza. Ukipeleka mwenyewe na hesabu yako mkononi wewe ni mwenye duka aliyegundua upotevu. Wakikukuta wao wewe ni duka linalochepusha dawa za kulevya, na hapo haiwi tena habari ya Baraza la Famasi kukuandikia barua, unaingia kwenye Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 na watu wa DCEA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, hawaji kukuhesabia panadol.

Na msimamizi wako aambiwe leo. Cheti kilichotundikwa ukutani ni shingo yake, siyo pambo. Wenzetu wengi wanakodisha vyeti kwa maduka matatu manne wanapokea posho mwisho wa mwezi wanadhani ni hela ya bure, siku ya siku wanaanza kusema mimi sikuwepo. Ndiyo kosa lenyewe hilo, kutokuwepo.

kibatari

Kumbe kuna watu wanajua kazi zao humu, nafuta kauli ya kamera 😂

Sista wa Wodi 4

Mfamasia kamaliza, mimi naongezea upande wa hospitali maana kanuni ni ile ile. Sisi wodini hizi tunaziita DDA, jina la zamani la sheria za mkoloni ila mpaka leo ndio tunavyosema, kabati la DDA, kitabu cha DDA. Kabati liko ndani ya kabati, funguo mbili, anayekaa na funguo ni nesi wa zamu anazivaa mwilini haachi kwenye droo. Ukitoa pethidine au morphine ya sindano mnatoa wawili, mnasaini wawili, mnaandika jina la mgonjwa, kiasi, saa, na kilichobaki kwenye kitabu papo hapo. Ampuli ikiwa ya miligramu 100 na mgonjwa kaandikiwa 50, ile iliyobaki inamwagwa mbele ya shahidi na anasaini kwamba kaona ikimwagwa, siyo kasikia. Ampuli tupu zinarudi famasi ndio unapewa nyingine. Kubadilishana zamu mnahesabu pamoja kabla mwenzako hajaondoka, ikikosekana hata moja hakuna anayekwenda nyumbani.

Inakera, usiku umechoka unataka kulala unaambiwa njoo uhesabu ampuli. Ila niliwahi kupokea zamu nikakuta mgonjwa wa opareshini ya tumbo analia usiku kucha na kitabu kinaonyesha kachomwa sindano ya maumivu saa mbili na tena saa nane. Yule baba alikuwa anang'ata shuka. Ukiangalia mboni za macho, ukiangalia anavyopumua, unajua huyu hajapata morphine yoyote, kachomwa maji. Hapo ndipo nilipoacha kulalamikia kitabu.

Wewe mtoa mada huhitaji makabati mawili, nunua kabati moja la chuma la kufuli, lifunge ukutani, tramadol zitoke kwenye rafu ya juu. Dawa ya kudhibitiwa kukaa rafuni na vitamini ndio kitu gani.

Kaka wa Likoni

Ndugu yangu wa Mbagala pole sana. Huku kwetu Mombasa hii kitu tumeizoea mpaka ina majina, hizo tembe za usingizi vijana wanaziita bugizi, na ile ya kumtilia mtu kwenye kinywaji alale aporwe tunasema katiliwa mchele. Sasa ukijiuliza hizo tembe kijana wa mtaani anazitoa wapi, hakuna kiwanda Likoni, zatoka kwenye chemisti, na mara nyingi si mwenye chemisti anayeuza, ni yule kijana aliyeachwa afunge duka usiku.

Kwa hivyo usiseme ni hela kidogo. Ile diazepam yako nusu iliyopotea yaweza kuwa iko kwenye soda ya mtu sahii. Sikutishi, nakwambia tu. Na kijana wako akianza kuleta marafiki kaunta saa za kufunga, wanasimama tu hawanunui chochote, hapo fungua macho.

Mpemba wa Minnesota

Asalaam aleikum wakuu. Mie nafanya kazi famasi ya hospitali huku Marekani, cheo changu ni cha chini tu, tekinishani, lakini hivi vitu ndio kutwa navishika, basi niwape picha ya huku halafu mtaona kwamba hata huku kwenye mashine watu wanaiba.

Dawa kali za maumivu kama oksikodoni na fentanili zipo daraja la pili la dawa za kudhibitiwa, namba ikiwa ndogo ndio inabanwa zaidi, haidrokodoni ilipandishwa ikaingia humo 2014, na mwaka huo huo tramadol ndio ikawekwa daraja la nne, kabla ya hapo sheria ya taifa huku ilikuwa haiitambui kama dawa ya kudhibitiwa kabisa. Sie za daraja la pili tunahesabu vidonge mara mbili kabla ya kumpa mgonjwa, tena tukimaliza tunahesabu vilivyobaki kwenye chupa, tunaandika, na lazima vikubaliane na kompyuta. Kimoja kisipoonekana kazi inasimama, tunapekua mpaka ndoo ya taka. Ikithibitika ni wizi au upotevu mkubwa, famasi inatakiwa iwaandikie DEA, mamlaka ya dawa za kulevya ya huku, ndani ya siku moja ya kazi tangu igundue, halafu wanajaza na fomu namba 106. Hawasubiri wamjue mwizi kwanza. Hilo ulishike, kuripoti dawa iliyopotea na kumjua aliyeichukua ni kazi mbili mbalimbali.

Lakini sikilizeni hii. Mwaka 2014 New York, hospitali ya Beth Israel pale Manhattan, walimkamata mkuu wa famasi mwenyewe, siyo kijana wa kaunta, mkuu, kwa kuchukua karibu vidonge 200,000 vya oksikodoni kwa muda wa miaka kama mitano. Na hospitali ile ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kuhesabia kila kidonge. Alikuwa akiandika kwenye mfumo kwamba vidonge vimepelekwa famasi ya utafiti humo humo hospitalini, mbele ya macho ya kila mtu hesabu inakaa, na kule kwenye utafiti haviendi. Nani angemuuliza, na yeye ndiye anayeuliza watu?

Ndio maana huku siku hizi ukiagiza hupokei, ukipokea huingizi kwenye mfumo peke yako, na anayekuja kukagua anatoka idara nyingine. Na kuna yule wa New Hampshire, fundi wa hospitali aliyekuwa akiiba sindano za fentanili, anajidunga, anazijaza maji ya chumvi anazirudisha, kumbe ana homa ya ini aina ya C, akaambukiza watu zaidi ya thelathini kwenye hospitali ile moja tu. Alikamatwa 2012, mwaka uliofuata akafungwa miaka 39. Ukifikiria wale wagonjwa walikwenda kutibiwa moyo.

Sasa ewe mtoa mada, umesema mwenyewe kwenye swali lako nani anaagiza mzigo. Simsemi mtu. Nasema tu rudi usome ulichoandika.

Mama Kaunta

@Mpemba duh. Nilikuwa namtetea dada wa watu hapa nimenyamaza.

wakili_uchwara

Salaam. Jina ni la utani ila kazi ya kesi za ajira naifanya kweli.

Mkuu ile ya kuwakata wote wawili mshahara mpaka hela irudi ifute kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu umkate mtu kwa hasara ambayo hujathibitisha kaisababisha yeye, unampa nafasi ajieleze, na hata ikithibitika makato hayatakiwi kuzidi robo ya ujira wake. Kuwakata watu wawili kwa sababu mmoja wao atakuwa mwizi ni kumuibia yule mwingine.

Kufukuza nako kuna njia yake. Unamsimamisha kwa malipo kamili ukichunguza, unampa barua ya tuhuma, siyo mesej ya WhatsApp, barua, imeandikwa dawa gani kiasi gani tarehe gani, unampa angalau masaa 48 ajiandae, anakuja na mwenzake kwenye kikao, anasikilizwa, kikao anakiendesha mtu ambaye siyo wewe uliyechunguza, kisha uamuzi kwa maandishi. Ukiruka hayo, ana siku 30 za kwenda CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, na akienda atashinda hata kama aliiba kweli, nimeshuhudia mwizi akilipwa mishahara ya miezi kwa sababu boss alimfukuza kwa hasira mbele ya wateja. Na huyo kijana wa shemeji hata kama hamna mkataba wa maandishi ni mfanyakazi, usijidanganye ni mambo ya familia.

Polisi ni njia nyingine inayokwenda yenyewe, Kanuni ya Adhabu ina kosa lake la wizi wa mtumishi. Ila ukienda huna hesabu ya bachi aliyokwambia Mfamasia hapo juu, watamchukua kijana, watamlaza, kesi itakufa, na utakuwa umepoteza dawa na ukweni kwa mpigo.

Sista wa Wodi 4

Nimekumbuka kitu, mwangalie pia kama kuna mmoja anatumia mwenyewe. Mtu wa tramadol utamuona anajikuna, macho madogo, leo mchangamfu kupita kiasi kesho anatetemeka na mafua yasiyoisha. Ukizidisha inaleta degedege, tumepokea vijana kadhaa wameanguka ghafla ndugu wanasema ni kifafa. Kama ni hivyo polisi siyo mahali pa kwanza, ni mgonjwa. Muhimbili wana kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu, tangu 2011, ile hasa ni ya watu wa heroini, lakini wanaofanya kazi upande huo wa uraibu na afya ya akili watakuelekeza pa kumpeleka. Kaunta tu asirudi, na hilo ni kwa ajili yake.

zegemela

Wabongo kwa kuunga unga, tramadol nilidhani ni dawa ya mgongo tu.

Mzigo_Mbagala

Wakuu nimerudi. Kwanza asanteni, sikutegemea.

Nilifanya kama Mfamasia Mkavu alivyosema. Nilikwenda kwa wauzaji wa jumla wawili tunaochukua kwao, mmoja akazungusha zungusha, mwingine akanichapishia pale pale. Nimekaa na hiyo karatasi kwenye gari nikilinganisha na faili. Panadol zipo, gloves zipo, kila kitu kipo, ila kuna invoisi za tramadol na sirapu ambazo kwenye faili langu hazimo, zote jina la famasi yangu, namba ya leseni yangu, zimelipwa keshi, na mahali pa aliyepokea kuna saini. Siyo ya kijana. Kijana nimemkuta na shida yake nyingine, kwenye rafu ya chini kuna bachi ya dawa za nguvu za kiume ambazo sikununua mimi, yaani kaduka kake kadogo, hilo tutamalizana nyumbani na mama yake.

Saini naijua. Nimekuwa naiona kila mwisho wa mwezi kwenye karatasi ya mshahara. Na zile boksi tupu za rafuni sasa naelewa zilikuwa za kunionyesha mimi, nikipita niangalie juu nione zimejaa.

Msimamizi nimempigia amekuja usiku ule ule, kwa mara ya kwanza nimemuona anakimbia. Kabati la chuma limefungwa leo, funguo anazo yeye na mimi, na amesema atakuwa anakuja kila siku, tutaona.

Bado sijamwambia dada kitu. Yuko zamu sasa hivi ninavyoandika. Nimpigie tuongee kiutu uzima kwanza?

Mfamasia Mkavu

Usimpigie. Ukimpigia leo usiku karatasi zilizobaki zinachomwa na yule wa jumla aliyezungusha zungusha anapata habari kabla ya asubuhi, maana mzigo wa hivyo hautoki kwa mtu mmoja, kuna aliyekuwa anampakia akijua famasi ya Mbagala haiwezi kumaliza tramadol zote hizo.

Piga picha kila invoisi, tuma kwa msimamizi na kwa wakili wako, nakala halisi zisilale dukani. Kesho asubuhi wewe na msimamizi mwende ofisi ya kanda ya TMDA na barua, mmeambatanisha hesabu ya bachi na ile orodha ya jumla. Wao ndio watasema kama DCEA waingie, na nadhani wataingia. Barua ya kumsimamisha kazi kwa malipo apewe mkishatoka huko, mkononi, mbele ya shahidi, na akabidhi funguo na nywila ya kompyuta papo hapo.

wakili_uchwara

Naunga mkono. Na kwenye barua usiandike neno mwizi popote.

Mama Kaunta

Mkuu nani atakuwa kaunta kesho mkienda huko? Usimwachie kijana na dawa zake za nguvu.

Mzigo_Mbagala

Nafunga kesho. Nitabandika karatasi mlangoni tunahesabu mali.